Sahani Zilizorudi Tupu

Nyumba Na. 17,
Nyuma ya shule ya msingi.
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Shahidi,

Pokea salamu zangu nyingi, kisha nyingi tena. Hujambo? Kifua kile kilichokuwa kikikubana kwa harufu ya rangi kiwandani kimetulia, au bado unakohoa asubuhi na kusingizia baridi? Natumaini wamekupa kitambaa cha kufunika pua na kwamba unakifunga puani, siyo shingoni kama pambo. Sisi huku hatujambo. Watoto wazima, shemeji yako mzima isipokuwa goti, na mgongo wangu ni uleule wa watu wa cherehani. Baba naye yupo. Habari zake ndizo zilizonikalisha chini niandike.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu Januari salamu zetu zinapitia kwa shemeji yako. Yeye anakupigia simu akiwa kwenye kibanda chake cha baiskeli, nami jioni namuuliza kwa pembeni kama ulisema umeamkaje. Miezi saba, Shahidi, na sisi ni watoto wa tumbo moja. Aliyeanza ni mimi, na nimeona wa kumaliza ni mimi pia, kwa mkono wangu na siyo kwa mdomo wa mume wangu.

Kwanza nikueleze tunavyokula hapa nyumbani, maana ulikaa siku tatu tu na hukuyaona yote.

Tangu Baba ahamie kwetu baada ya kumzika Mama, jiko ni lake. Anapika kwa ratiba ya hospitali, ileile aliyoipikia miaka thelathini na mmoja, na ameibandika ukutani. Jumatatu wali na maharage. Jumanne viazi na karoti. Jumatano wali na kabichi. Alhamisi maharage tena, ila kwa mkate. Ijumaa mayai na mchicha. Jumamosi viazi vya kuponda. Jumapili nyama kama ipo, na kama haipo, ni maharage yaliyokatiwa kitunguu kingi ili yajisikie nyama. Uji ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na chakula cha jioni saa kumi na moja na nusu, wakati majirani bado wanakunywa chai. Kitinda mimba wangu aliwahi kumuuliza kama manesi nao watapita.

Sisi tunakula chumba cha mbele, kwenye meza ninayokatia vitambaa. Yeye hakai nasi. Hospitalini alikuwa na dirisha lake tu: chakula kinatoka, sahani zinarudi. Wagonjwa hakuwaona. Aliwajua kwa sahani zao. Wali ukiliwa maharage yakabaki, maharage hayakuiva. Vyote vikibaki nusu nusu, chakula kilipoa njiani. Hivyo hata hapa anapakua, anatuletea, anarudi jikoni na kusimama karibu na beseni la vyombo, anasubiri. Zikirudi tupu utamsikia akiimba kidogo huku akiosha. Akishaosha ndipo anakula chake, amesimama.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui.

Sufuria ya kwanza aliyoipika hapa ilikuwa ya maharage. Mama alikuwa na miezi mitatu kaburini, na Baba kwa miezi hiyo mitatu alikuwa hasemi ila akisalimiwa. Siku hiyo akaamka, akachambua maharage, akayaloweka, akashinda nayo jikoni. Nikashukuru Mungu. Tulipoonja, hayakuwa na chumvi. Siyo kwamba ilipungua, haikuwepo. Shemeji yako akanitazama, nami nikamtazama. Nilimwona Baba mlangoni akingoja sahani, nikakosa moyo. Alipogeukia beseni nikanyata hadi kabatini nikatoa chumvi, tukanyunyiza, tukala hadi mwisho. Nilidhani ni bahati mbaya ya siku moja.

Kesho yake hali ikawa ileile, na keshokutwa. Mwisho nikatafuta njia. Chumvi nikaitia kwenye kopo la vifungo, lile jekundu, nikaliweka mezani pamoja na mikasi na futi. Baba akishatoka tu, kopo linazunguka. Watoto wakazoea upesi, watoto wanaujua uongo kabla ya herufi. Kuna siku shemeji yako alishika kopo jingine akajinyunyizia unga wa chaki ya kuchoria nguo, akala nusu sahani akilalamika kwamba chumvi za siku hizi hazina nguvu. Alikuwa akinong'ona kwamba mzee amekula chumvi nyingi duniani mpaka imemkinai, ndiyo maana ametunyima sisi. Tulicheka sana. Nakuandikia kicheko hicho ili ujue hatukuwa watu wabaya. Tuliona tunamtunza.

Miaka miwili na nusu tulimtunza hivyo.

Ndipo ukaja wewe. Siku ya kwanza ulikula kwa rafiki zako. Siku ya pili ulimvutia Baba kiti ukamwambia hutakula wakati mzee wa nyumba amesimama kama mhudumu. Akakaa. Na kwa kuwa amekaa, kopo halikufunguliwa. Wote tukameza kama ilivyo, macho kwenye sahani. Wewe kijiko cha tatu ukakiweka chini, ukasema, tena kwa upole, nakumbuka vizuri, "Baba, hiki chakula hakina chumvi hata punje. Umesahau?"

Baba alinigeukia mimi. Nami nikasema, "Kina chumvi, Baba. Huyu amezoea vya hotelini."

Ya uani unayajua. Ulinifuata kwenye kamba ya nguo ukaniuliza kwa nini namdanganya mtu mzima. Nikakuambia kwamba mtu aliyekaa mbali miaka sita hawezi kuja kumpima mzazi kwa sufuria moja. Nikakuambia kwamba wakati Mama anaumwa mimi ndiye niliyebadilisha mashuka, na wewe ulituma pole. Nikakuambia kama chakula cha Baba hakikufai, mlango ni uleule ulioingilia. Ulikuwa uondoke wiki inayofuata, ukaondoka kesho yake asubuhi. Sikutoka hata kukusindikiza. Nilikaa kwenye cherehani nikishona kola ambayo baadaye niliifumua yote.

Nilijiambia nimemtetea Baba. Nilijisifu kabisa, hata kwa mke wa fundi viatu wa mbele nilisimulia. Majuto ni mjukuu, mdogo wangu, na wangu sasa ameota meno.

Mwishoni mwa Mei mpishi wa shule hii ya hapa nyuma alienda likizo ya uzazi. Mwalimu mkuu alisikia kwamba Baba alikuwa mpishi wa hospitali, akaja mwenyewe kumwomba awasaidie kwa muhula mmoja. Baba akaomba wiki ya kufikiri. Wiki nzima alikuwa akiingia chumba cha mbele, anashika kitambaa, anakiacha, anatoka. Siku ya mwisho akasimama karibu na cherehani akasema, "Nieleze kweli mwanangu. Mkono wangu bado upo?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa moja moja. Hapo nilikuwa na nafasi, Shahidi, na pini zilinipa muda wa kutosha. Nikasema, "Upo, Baba. Si unaona mwenyewe sahani zinavyorudi?"

Akafurahi. Mchana huohuo alinipa kitambaa cheupe nimshonee aproni mpya, yenye mfuko wa kijiko.

Siku yake ya kwanza ilikuwa Jumatatu, wali na maharage, watoto mia mbili na kidogo. Nilikwenda na sare nilizokuwa nimeshona, lakini ukweli nilikwenda kwa sababu usingizi ulinipaa. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba pengine kwa sufuria kubwa mkono wake utakumbuka. Jiko la shule lina dirisha kama lile la hospitali. Alisimama hapo na aproni yake, kanyooka, sijamwona hivyo tangu Mama yupo. Sahani zikatoka. Kisha zikaanza kurudi.

Watoto wa watu hawana kopo la vifungo. Zilirudi zimejaa. Moja, tatu, kumi, zikapangwa juu ya dirisha mpaka hakukuwa na nafasi. Msichana mmoja asiye na meno ya mbele alimwambia bila ubaya wowote, "Babu, umesahau chumvi." Maneno yaleyale uliyoyasema wewe.

Baba akachukua kijiko akaonja. Akaonja tena. Akatia chumvi kwenye sufuria ya pili, kiganja kimoja, akaonja. Akatia kingine, akaonja. Nilikuwa nimesimama karibu naye na nilimtazama usoni. Alikuwa kama mtu anayetega sikio asikie hodi ambayo haipigwi. Akatia cha tatu. Mwalimu wa zamu alipokuja kuonja alikimbilia nje akatema. Hapo ndipo nilipojua. Mzee hakuwa amesahau chumvi. Mzee haisikii.

Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya dirisha kando ya zile sahani. Aliwaomba radhi walimu, na watoto wakapewa mkate. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika aliketi kwenye kiti changu cha cherehani, akauliza, "Nyinyi hapa mlikuwa mnamalizaje?"

Nikafungua kopo, nikamwekea mkononi. Akalitazama. Akachovya kidole, akalamba, akacheka kidogo bila furaha, maana hata hapo hakusikia kitu.

Ndipo akaniambia. Unaikumbuka ile homa iliyomlaza mwaka aliofariki Mama? Ilipoisha iliondoka na ulimi wake. Chumvi, sukari, pilipili, vyote kwake ni maji. Hakumwambia mtu. Alisema mpishi asiyeonja ni kama fundi cherehani kipofu, atapewa pole na kitu cha kukalia. Akaamua atapika bila kutia chumvi, kwa sababu ikipungua huongezwa, ikizidi umeharibu. Kila siku alingoja mmoja wetu aseme. Tungesema tu, angetia kidogo, na kesho angeuliza tena, akajifunza upya kwa ndimi zetu. Lakini sahani zilirudi tupu. Akaamini kwamba labda mkono unatia wenyewe bila yeye kujua, kwa mazoea.

Nikalia. Nikamwuliza kwa nini hakukusikiliza wewe siku ile mezani.

Akaniambia, "Nilisikia. Ndiyo maana nilikutazama wewe. Nilikuwa na watoto wawili na maneno mawili, na mimi mwenyewe sina ulimi. Nikachukua lako, kwa kuwa wewe ndiye unayekula kwangu kila siku."

Shahidi, nimeyaandika hayo na nimesimama mara mbili. Alikuwa amengoja miaka miwili na nusu mtu amwambie, na siku mtu alipomwambia, mimi nikamfukuza mtu huyo. Ungekaa wiki yako ungemwambia tena kesho yake, nakujua, tulikuita Shahidi kwa sababu hujawahi kuficha nani kala sukari. Angekuamini wewe. Asingesimama kwenye lile dirisha. Nilikwambia ulituma pole wakati mimi nabadilisha mashuka. Ni kweli nilibadilisha mashuka. Lakini hilo halikunipa haki ya kusema nilichosema, na mashuka yenyewe nilikuwa nayatumia kukuziba mdomo. Nisamehe. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Tulimpeleka kwa daktari. Daktari ni kijana mwenye adabu, alisema inaweza kurudi na inaweza isirudi, na Baba akamshukuru kama aliyeambiwa kitu.

Wiki tatu Baba hakuingia jikoni. Nilipika mimi. Nilikuwa nikitia kila kitu, vitunguu, nyanya, tangawizi, yeye anakula anamaliza, anasema asante. Nilipomwuliza kama kimepungua kitu alisema, "Utaona sahani." Hakusema kwa kunisuta, nadhani. Nyumba ilikuwa imepoa. Watoto walikula saa mbili usiku kama watu wengine wote na hawakufurahia. Kifungua mimba wangu akaniuliza lini tutarudi hospitalini.

Jumanne moja mwanzoni mwa Julai nikasikia kisu ubaoni. Alikuwa anamenya viazi. Sikumsemesha, nilibaki nazungusha gurudumu la cherehani bila kitambaa chini ya sindano. Vilipoanza kuchemka akafungua dirisha la jikoni akamwita fundi viatu. Fundi viatu akavuka barabara na mikono yake ya gundi, akapewa kijiko, akapuliza, akaonja, akasema, "Bado, mzee." Baba akatia. "Bado kidogo." Akatia tena. "Hapo acha."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ulimi wangu mzima.

Tulikula, na vilikuwa vitamu, na sahani zilirudi tupu kwa haki. Tangu siku hiyo ndivyo ilivyo. Saa kumi na moja fundi viatu anaacha nyundo, anakuja kuonja. Asipokuwepo anaitwa mke wake. Majuzi wote wawili walikuwa wametoka, Baba akamsimamisha mwuza magazeti ambaye hatumjui hata jina. Nimejaribu kusema, "Baba, mimi nipo." Ananijibu kwa upole kabisa, "Najua upo, mama." Anazima jiko anangoja mpita njia. Hajawahi kunigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza.

Kopo la vifungo nimeliosha, sasa lina vifungo. Chumvi iko mezani kwenye kibakuli cha wazi, na hakuna anayeigusa.

Hiyo ndiyo hali, mdogo wangu. Sikuombi uje unisemee kwa Baba. Kosa ni langu na nitalibeba mpaka yeye mwenyewe anitue. Nakuomba uje kwa sababu hapa panahitajika mtu ambaye neno lake linaaminika, na katika watoto wake amebaki mmoja. Wakikupa likizo mwezi wa kumi na mbili, njoo ukae wiki yako uliyokatisha, na nyingine juu yake. Chumba kiko tayari. Nimehamisha mitumba ya vitambaa, na kitanda nimekisogeza mbali na dirisha kwa ajili ya kifua chako.

Shemeji yako anakusalimu sana na anasema ubalozi umemchosha, anastaafu. Kifungua mimba anakusalimu, amekuwa wa tatu darasani. Kitinda mimba anakusalimu na anauliza kama rangi mnazotengeneza zinalika. Shangazi alipita wiki iliyopita, anasema ukioa bila kumwambia hatakula harusini. Fundi viatu naye anakusalimu, kiatu chako cha kushoto ulichomwachia Januari bado anacho.

Nilikuwa nimefika hapa nikitafuta bahasha, Baba akaniita kutoka jikoni. Leo ni Jumapili na nyama imepatikana. Nikaacha kalamu nikaenda karibu mbio. Alikuwa amesimama na kijiko mkononi, mchuzi unatoa moshi. Nikanyoosha mkono nikipokee.

Akaniuliza, "Unamwandikia mdogo wako?"

Nikasema ndiyo.

"Umemwambia ukweli?"

Nikasema, "Wote, Baba."

Akageuka, akafungua dirisha, akamwita fundi viatu.

Mungu akutunze huko uliko, akupe pumzi nyepesi na njia fupi ya kurudi nyumbani.

Ni mimi dada yako niliyekukosea, nisiyeacha kukupenda,

Dada Sindano